Ombi la ushauri: klabu ya mazingira ya shule yetu, mikaratusi au miti ya asili?

Mlezi wa Klabu, Mbale
Ndugu zangu, nawasalimu. Ninalea klabu ya mazingira katika shule ya sekondari ya bweni, huku chini ya Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda. Tangu mafuriko ya Julai 2022 yaikumbe Mbale, wanafunzi wamekuwa na ari ya kupanda miti, na uongozi umewapa kipande cha ardhi kilicho kando ya chemchemi. Mkuu wa shule anataka mikaratusi, kwa kuwa hukua upesi na jiko letu hula kuni nyingi mno. Wanafunzi wanashikilia miti ya asili, wakidai kwamba kupanda mti ili uje kuchomwa si kulinda mazingira. Upandaji umepangwa Novemba, mbele ya wazazi watakaoalikwa. Niwaongoze vipi bila kuwavunja moyo wala kumkosea mkuu wangu?

Mkulima wa Sironko
Mwalimu, kabla ya kubishania aina ya mti, tazama kalenda. Mche uliopandwa mwishoni mwa Novemba unakutana na kiangazi cha Desemba na Januari, wakati wanafunzi wako makwao, nani ataumwagilia? Subirini Machi, mvua zikikolea. Mkaratusi hunywa maji mengi, kwa hiyo usisogezwe kwenye chemchemi. Hapo pandeni miti ya asili kama musizi na musambya. Kuni zitoke kwenye kaliandra, mti mdogo wa kuni na malisho, iliyopandwa mpakani mwa shule, kwani ukiikata huchipua tena, na majani yake hulishwa mbuzi (ambao, tuseme kweli, ndio adui wa kwanza wa miche ya shule).

Mpishi Mstaafu, Tororo
Kuhusu jiko, mwanangu, wanafunzi waanze na mizani. Wapime kuni zinazotumika kwa wiki moja jinsi mambo yalivyo sasa, kisha wiki ya pili maharage yalowekwe usiku kucha, kuni zipasuliwe nyembamba na kuanikwa mpaka zikauke, na sufuria zifunikwe. Nimepikia shule posho (ugali) na maharage kwa miaka mingi, na nakuhakikishia tofauti itaonekana. Mkuu wa shule akiletewa hesabu ya fedha zilizookolewa, atalisikiliza zaidi ombi la jiko sanifu, lile linalotumia kuni kidogo, kuliko atakavyosikiliza hotuba.

Mwanachuo, Kampala
Naunga mkono. Vanessa Nakate, mwanaharakati wa tabianchi aliyeanza maandamano yake hapa Kampala mwaka 2019, ana mradi unaozifungia shule paneli za sola na majiko sanifu. Wanafunzi wako wajue kwamba jikoni nako ni uwanja wa kulinda mazingira.

Mlezi wa Klabu, Mbale
Nashukuru sana. Mizani tutaiazima stoo. Ila wazazi wa Novemba niwaonyeshe nini?

Mkulima wa Sironko
Waonyeshe kitalu cha miche. Kijengwe karibu na bomba na kiezekwe nyasi za kivuli. Likizoni mlinzi mmoja atakimwagilia asubuhi na jioni, mradi alipwe, na Machi miche itakuwa tayari.