Kobe wawili uani, na mtoto bado anatambaa

Mama_Ngamiani
Wakuu, salaam. Nipo Ngamiani, Tanga. Shemeji kaniletea kobe wawili. Mmoja ni wa nchi kavu, gamba la madoa meusi na manjano, ukubwa wa kisosi. Mwingine ni wa majini, bapa, anaenea kiganjani, alitolewa bwawani huko Pongwe. Yeye yumo kwenye beseni. Wote wako uani, palepale tunapooshea vyombo. Nina mtoto wa miaka 4 na mwingine wa miezi 11 anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni. Nimeambiwa niwatilie tetrasaikilini kwenye maji ili wasiambukize watoto. Ni sawa?

Bwana_Mifugo
Salaam dada. Dawa usiwape kabisa. Kinachoogopwa ni bakteria aitwaye salmonela, anayeishi kwenye utumbo wa kobe bila kumdhuru. Kobe anakula vizuri, macho maangavu, na bado kinyesi chake kina vijidudu. Leo vinatoka, kesho havitoki, kwa hiyo hata kipimo kikionyesha hana usikitegemee. Antibayotiki haimalizi vijidudu hivyo. Inabakiza vile sugu, na siku mtoto akiugua, dawa inagonga mwamba.

Wa majini ndiye mwenye hatari zaidi kwako. Anajisaidia kwenye maji yaleyale anayoogelea, basi gamba, miguu na kuta za beseni vyote vina kinyesi. Mtoto akichovya mkono kisha akanyonya vidole, imetosha. Marekani walikataza tangu 1975 kuuza kobe wenye gamba chini ya inchi 4, yaani kama sentimita 10, kwa sababu hao ndio wanaoishia mdomoni mwa watoto. Halafu beseni lenyewe: anayetambaa anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha vidole vinne tu. Ningekuwa wewe, huyo asingelala hapo hata wiki.

Pwani_Asilia
Naunga mkono, ila msimtupe ovyo. Huyo si kasa; ukimwachia baharini pale Raskazone, maji ya chumvi yatamuua. Na wa nchi kavu anaweza kuzama. Hao ni wanyamapori, kuwafuga kunataka kibali chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya, mweleze walikotolewa, akuelekeze.

Mama_Ngamiani
Nashukuru sana. Nitamwona afisa. Lakini kwa siku hizi za kusubiri niwaweke vipi? Huyu wa miaka 4 hambanduki kwa yule wa madoa.

Bwana_Mifugo
Wahamishe leo, mbali na vyombo, kisima na kamba ya nguo. Wa nchi kavu mjengee boma la tofali za bloku, kozi mbili, takriban sentimita 45. Usitumie wavu: akiona upande wa pili atasukuma mchana kutwa hadi pua ichubuke. Nusu ya boma iwe na kivuli. Chakula ni majani na nyasi. Ugali, mkate na nyama vinamharibu. Maji yawe kwenye kigae kizito, kina kisichopita kidevu chake.

Tofali hazimzuii mtoto, atazipanda. Kinachomzuia ni mlango wa uani wenye komeo usawa wa kifua cha mtu mzima. Beseni la wa majini lifunikwe kwa wavu mgumu uliofungwa kwa waya, na liwekwe juu ya meza nzito asiyoweza kuivuta.

Vifaa vya kobe viwe vya kobe tu: brashi, ndoo, kitambaa. Vipake alama ya rangi nyekundu. Maji machafu yamwagwe chooni, kamwe si kwenye sinki. Sugua kwanza kwa sabuni, ndipo utumie Jik, kipimo kimoja kwa vipimo tisa vya maji, dakika 10, suuza, anika juani. Ukianza na Jik juu ya kinyesi, uchafu unaimaliza nguvu kabla haijaua kitu.

Huyo wa miaka 4 atazame tu, asishike; chini ya miaka mitano hapana. Kobe akiinuliwa hukojoa, mtoto hushtuka na kumwangusha, na gamba ni mfupa wenye neva, linapasuka na linauma. Basi msilitoboe kumfunga kamba, kama wafanyavyo baadhi ya watu. Mtu mzima akimshika, anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka sekunde 20 kabla ya kumgusa mtoto.

Nesi_Chumbageni
Niongeze la afya. Dalili huanza kati ya saa 6 na siku 6 baada ya vijidudu kuingia mwilini: kuhara, homa, tumbo kusokota. Mpe ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji salama, na mdogo aendelee kunyonya. Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, hakojoi au anatapika kila kitu, kimbia kituo cha afya na useme mapema kwamba nyumbani kuna kobe.

Dada, kuna yeyote hapo mwenye seli mundu? Kwa hao salmonela huingia hadi kwenye mifupa. Kama yupo, kobe wote wawili watoke leo, msisubiri afisa.

Mama_Ngamiani
Yupo, binamu yao anayeshinda hapa. Namwita shemeji sasa hivi aje awachukue.