Naomba ushauri: kapasita zilizovimba karibu na prosesa

Wakuu, habari za kazi. Nina madabodi (bodi kuu) ya kompyuta ya mezani, ya soketi 775 (aina ya kikalio cha prosesa za Intel), inayojizima kabla Windows haijamaliza kuwaka. Kati ya kapasita sita (vipande vya kuhifadhi chaji ya umeme) zilizo kando ya prosesa, tatu zimevimba kichwani, na moja kati ya hizo tatu imevuja ute wa kahawia. Zimeandikwa maikrofaradi 1500, volti 6.3, joto nyuzi 105. Kipenyo ni milimita 8.

Madukani zipo za 1500 kwa volti 10, ila ni nene, milimita 10, na ni za kawaida, si zile zenye ukinzani mdogo wa ndani. Hizo siziamini kabisa: sehemu hii umeme hukatwa na kuwashwa mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, kwa hiyo zitachemka na kuvimba tena. Nimepata za polima (zisizo na majimaji ndani, zenye ukinzani mdogo), maikrofaradi 820, volti 2.5. Mita inaonyesha volti 1.3 hapo, basi volti zinatosha. Je, nibadilishe zote sita, au polima tatu zinaweza kukaa na zile tatu za zamani bila shida?

La pili ni matundu ya bodi ambamo miguu ya kapasita imelehemiwa. Mguu wa negativu umeshikana na tabaka pana la shaba linalonyonya joto, na pasi ya kulehemu ya wati 40 haiyeyushi lehemu vizuri hata nikiongeza flaksi (dawa ya kusaidia lehemu ishike) na lehemu mpya. Kusukuma mguu kwa nguvu kutang'oa shaba ya ndani ya tundu. Wati 60 zinatosha, au niipashe bodi joto kwanza?