Mtoto wa wiki 7, MRI (picha ya ubongo) inasema "jino la gego". Kuna mzazi amepitia hili?

MamaK_Iringa
Habari zenu wazazi wenzangu. Mwanangu wa pili, wa kiume, ana wiki 7. Tangu siku ya pili anahema harakaharaka kama kifaranga aliyefukuzwa, mara kimya kabisa hadi namwekea kiganja puani. Nilihesabu kwa simu: sekunde 12 bila pumzi, kisha anaanza upya. Wodini walisema nimonia, akamaliza dozi mbili za antibiotiki na hakuna kilichobadilika. Mwili umelegea, nikimshika kwapani ananiteleza. Macho yanachezacheza.

Juzi akafanyiwa MRI. Nilimnyonyesha, tukamfunga kitenge, akalala mashineni bila dawa ya usingizi. Daktari akanionyesha picha: katikati pana umbo la gego kabisa, na mizizi yake. Akasema ni ugonjwa wa Joubert, yaani shina la ubongo na sehemu ya kati ya ubongo mdogo havikuumbika sawasawa. Mama mkwe anauliza nilikula nini nikiwa na mimba. Vidonge vya kliniki sikuruka hata kimoja. Naombeni mniambie, hii pumzi itatulia? Na ni mimi nimesababisha?

BintiPwani_Tanga
Pole sana dada. Nianze na la mwisho, maana ndilo lililoninyima usingizi: hukusababisha. Ni vinasaba. Mara nyingi baba na mama kila mmoja amebeba nakala moja yenye kasoro, wote wazima, mtoto akarithi zote mbili. Kila mimba ni uwezekano wa 1 kati ya 4. Mweleze mkweo kwa adabu kwamba imetoka nyumba zote mbili.

Wangu ana miaka 6. Pumzi ilitulia alipokaribia mwaka. Alitembea ana miaka 5, kwa kushika ukuta. Maneno machache, lakini akitaka maji anagusa koo kwa vidole viwili. Akitaka kutazama kitu pembeni anatupa kichwa kizima kwanza, macho yanafuata.

Ambalo sikuambiwa mapema ni kwamba si ubongo peke yake. Jeni hizi zinahusu vijinywele vidogo mno vya seli, ambavyo viko hata kwenye figo, ini na retina (utando wa nyuma ya jicho). Alipofika miaka 4 akaanza kunywa maji kupita kiasi na kukojoa usiku kucha. Tukaambiwa ni joto la Tanga. Kumbe figo! Sasa kila mwaka tunapima damu, mkojo, presha, ultrasound ya tumbo na macho. Usingoje dalili kama mimi.

NesiWaWatoto
Poleni akina mama. MamaK, mrekodi video anapohema vile, daktari aone mwenyewe. Pumzi ikikatika sekunde 20, au midomo ikigeuka bluu, usingoje kliniki, kimbia hospitali. Na siku akihitaji upasuaji, daktari wa usingizi aambiwe mapema kuwa ni Joubert. Dawa kali za maumivu za jamii ya mofini huzima pumzi ya watoto hawa kirahisi.

MamaK_Iringa
Ahsanteni, nimelia lakini nimepumua. Video ninazo tatu. Jumatatu naenda kuomba figo na macho vipimwe. Dada wa Tanga, wako alinyonya vizuri lini? Huyu anamaliza saa nzima kwenye ziwa moja, tena anapaliwa.

BintiPwani_Tanga
Miezi 4. Kupaliwa huko kaseme Jumatatu hiyohiyo, waangalie anavyomeza. Wangu alipitishiwa maziwa kwa mpira wa puani wiki 3, nikikamua usiku na mchana.