Ninaacha bintu bya nyumba mu depo mwaka moja, nibipange aje muchwa na mvua bisibimalize?

Baba_Mapasa (Kampemba)
Jambo yenu bayaya na bandugu. Niko Lubumbashi, nimepata kontra ya mwaka moja ku Kolwezi, ninaanza mwezi wa 10 na kule banatupatia chumba yenye iko na kitanda na meza yake tayari, bintu bya familia habiwezi kuingia. Bibi na batoto banaenda kwa mama mukwe Likasi. Nyumba tunairudisha kwa mwenyewe juu siwezi kulipa mbili. Baba moja tunaomba naye kanisa moja iko na depo Bel-Air, matofali, simenti chini, mabati juu, ananipatia kona ya mita 3 kwa 3.

Bintu ni frigo, tele, fotei ine, matela tatu, masini ya kushona ya bibi, byombo, bitabu bya batoto, grupe kidogo ya umeme ya esansi, na kabati ya mbao ya mulombwa yenye marehemu baba alitengenezeshaka wakati alioa mama. Hiyo kabati njo inaninyima usingizi. Tulishaka kuacha bintu mu garaje ya mutu miezi 6 tu, siku ya kutosha nikashika karto ya kwanza, juu iko muzima kabisa, nikainyanyua, chini yote ikabaki pale ku simenti, imekuwa udongo. Albamu ya ndoa yetu ilibakia kifuniko. Bibi alilia siku mbili na sikukuwa na la kumwambia. Sitaki irudilie. Mwenye anajua anieleze polepole.

Mama_Katuba
Pole sana baba, picha ya ndoa hainunuliwe tena.

Mi nilihama mara tano na bwana wangu juu ya kazi yake, na kitu nilijifunza ni kwamba bintu binaoza juu ya ile maji na uchafu yenye sisi wenyewe tunafungia ndani. Sasa hivi jua inawaka, mvua ingali haijaanza, utumie hizi siku. Tosha matela yote inje, zikae ku jua tangu asubui mpaka saa kumi, ugeuze, kesho yake tena. Nguo zote zifuliwe hata zenye hazikuvaliwa, juu jasho na mafuta njo bidudu binatafuta, zikauke KABISA, usikunje nguo yenye mukono ingali na baridi kidogo ya maji. Ile baridi utaikuta mwaka ujao imekuwa madoa ya kijani. Nguo uweke mu sanduku ya chuma ama mu valizi, na naftalini yenye umefunga mu kitambaa, isiguse nguo.

Byombo: kila sahani uizungushie gazeti, alafu uzisimamishe mu karto kama bitabu ku etajeri, usizilalishe moja juu ya ingine. Yenye imelala inabeba uzito wa zote na njo inapasuka. Bikombe mudomo chini. Bitabu mu karto ndogo, kubwa hautaweza kuinyanyua. Na karto usiombe kwa batu ba biskuti na unga, zinakuyaka na mende ndani. Uombe kwenye banauzisha karatasi ama bilatu.

Na chakula apana! Hata kopo ya sukari, hata mufuko wa unga wenye umebakia kidogo. Panya moja inatosha kukata fotei zote ine.

Ingine: makala. Unaweka makala kavu mu ndoo mbili tatu bila kifuniko kati ya bintu, inakunywa harufu na kidogo ya unyevu. Mu frigo pia unaweza kuweka yake mu kisahani.

Fundi_wa_Frigo_Kenya
Mama amesema muzuri, miye niongeze ya masini.

Frigo: uitoshe ku priza siku mbili mbele ya kubeba, barafu iyeyuke yote, ufungue na ile tundu ya maji ya nyuma, batu banaisahabu na ile kisahani ya chini yenye iko pembeni ya kompresere, inabakiaka na maji yenye inanuka. Upanguse na maji ya bikarbonati, uache wazi mpaka ikauke. Mu depo mulango usifungwe, uweke kitambaa kama ngumi pale ku kauchu na ufunge na kamba ili ibakie wazi kidogo. Kila mwaka banaletea miye frigo zenye zilifungwa muzuri-muzuri, na ndani nyeusi mpaka ku plastiki, na ile harufu haitokake tena. Ku gari isimame. Kama imelala, hata njia ya Bel-Air tu, siku utaiwasha tena uiache imesimama masaa 24 mbele, mafuta irudi mu kompresere.

Grupe: tosha esansi yote, alafu uiwashe imalize yenye iko mu karbiratere mpaka izime yenyewe. Esansi ya mwaka moja inakuwa kama gundi. Na chupa ya gazi ama bido ya esansi usiingize mule, mabati na jua ya mwezi wa 10, hapana, uachie ndugu.

Tele isimame, usiilalishe, uzungushie blanketi. Telekomande zote utoshe pili. Masini ya kushona uipake mafuta, utoshe shindano, uifunike na kitambaa.

Seremala_Ruashi
Ndugu, hapa pa kabati uniache niseme, njo kazi yangu.

Mulombwa ya kweli, ile nyekundu ya katikati, muchwa inachokaka nayo. Yenye inakula ni ile mbao nyeupe ya pembeni na zaidi triplex ya mugongo, ile mbao nyembamba ya kugundisha. Kwa hiyo geuza kabati leo, uangalie mugongo. Kama unaona mustari wa udongo mukavu, ilishaka kupitia.

Muchwa haipende mwangaza, kila kwenye inaenda inajenga njia yake ya udongo, inatokea ku ufa ya simenti ao ku kona ya ukuta. Dawa ya kwanza ni wewe kuweza kuiona. Hakuna kitu kugusa chini, hakuna kitu kugusa ukuta. Panga matofali, juu yake palete, juu yake bintu, na uache nafasi ya mutu kupita na toroshi pembeni yote. Na mutu apite kweli, kila mwezi, ile njia ya udongo ukiivunja mapema hautapoteza kitu. Ufa za simenti uzibe mbele ya kuingiza. Mutu atakuambia upake mafuta ya vidanje, ile nyeusi yenye inatoka ku motere, ku miguu ya kabati, usikubali, inaingia mu mbao na haitoke, paka ku palete kama unataka.

Bashe ya plastiki juu ya kabati pia apana. Mvua ikianza mabati inatoka jasho, plastiki inafungia ile maji pamoja na mbao. Tumia mashuka ya zamani. Bashe uifunge JUU, mbali, kama hema, ya kuzuia tone yenye inatoboka ku mabati. Matela tu njo unaweza kuingiza mu plastiki, kama zimekauka vile mama amesema, na usiweke kitu juu yake, musi ya ndani inabonyea na hairudi.

Mama_Katuba
Ndiyo ya plastiki iko kweli, mi nilipotezaka komode hivyo.

Na baba, hata kama ni ndugu wa kanisa, muandike karatasi. Bei, mwezi wa kuanza, nani iko na funguo, kama unachelewa kulipa inakuwa aje. Kadena ikuwe yako. Piga picha ya kila kitu mbele ya kuingiza, ku karto andika namba na mu kaye andika ndani muko nini. Diploma, akti ya kuzaliwa ya batoto, karatasi ya parsele, hizo zinaenda na mama Likasi, haziingie mu depo.

Baba_Mapasa
Aksanti sana, Mungu abalinde. Nimeshapata palete sita na matofali, muleki wangu wa Bel-Air atapitaka kila mwezi na toroshi.

Yaya Seremala, jana nimegeuza kabati. Mustari wa udongo iko, kona ya chini upande wa kushoto, mukavu, triplex pale ukiigusa na kidole inaingia kama mukate. Lakini pale katikati nimekuta maandiko ya krayo, jina ya baba na 1984, mukono wake mwenyewe, sijaionaka hata siku moja. Niitoshe triplex yote ao nifanye aje?

Seremala_Ruashi
Usiitoshe yote. Pima toka chini mpaka kwenye mbao inalia nguvu ukigonga, ongeza sentimita 10, ukate pale tu, mustari moja sawasawa. Kipande ya chini uichome, usiitupe mu lupango. Pale pa wazi tunaweka triplex mupya yenye imepakwa dawa. Kama maandiko iko karibu na kwenye utakata, usikate, nitumie picha kwanza na uweke rula pembeni nione.