Fundi kanichaji elfu 15 "kuapdeti draiva" ili gemu likimbie, sasa gemu halifunguki kabisa

Wakuu salaam. Moderata, naomba uzi huu msiuunganishe na zile za "nina laki nne ninunue laptopu gani". Siombi ushauri, nimekuja kulalamika, na nina hasira za wiki mbili.

Nina laptopu ya mtumba, toleo la 2012. Core i5 kizazi cha tatu, RAM GB 4, na grafiki mbili (chipu za kuchora picha za kioo): Intel HD 4000 iliyo ndani ya prosesa, na GeForce GT 630M ya pembeni. Mchana inanilisha, nina steshenari hapa Uyole, Mbeya: CV, barua za maombi ya kazi, paspoti saizi. Usiku nikishafunga, mimi na mdogo wangu tunaikalia na PES 2017. Ilikuwa inacheza. Siyo kwa ulaini, kona ikipigwa inakwama kwama kidogo, lakini magoli yanaingia na tunatukanana vizuri tu.

Tamaa ndiyo iliyoniponza, nakiri. Nimeangalia video za wajuba mtandaoni, kila mmoja anasema ukiapdeti draiva za grafiki, yaani programu zinazoiwezesha Windows kuongea na kadi ya picha, gemu linaruka mara mbili. Jumamosi nikapanda daladala hadi Mwanjelwa, kwa fundi mwenye fremu yake, vioo, stika za kila kampuni, unaingia na imani.

"Bosi, tatizo hapa ni draiva. Draiva zako za zamani sana. Nikikuwekea mpya utacheza mpaka magemu ya mwaka huu."

"Bei?"

"Elfu 20. Ila ni asubuhi, nifungulie biashara na 15."

Nikampa. Wakuu, yule bwana hakuuliza kadi yangu ni ipi. Hakufungua hata sehemu moja kuangalia. Alichomeka flashi yenye furushi la draiva za kila mashine iliyowahi kutengenezwa duniani, akabonyeza kitufe kimoja cha kuweka zote, akaenda kunywa chai na chapati ng'ambo ya barabara. Mimi nimebaki nakodolea mstari wa kijani dakika 40. Ulipofika mwisho, nikakuta na brauza nisiyoijua, antivairasi mbili zinazogombana, na kidude pembeni ya kioo kinachoonyesha hali ya hewa. Hali ya hewa! Mbeya, mwezi wa saba, mtu unaongea mdomo unatoa moshi, halafu kompyuta ije iniambie kuna baridi?

"Iko poa bosi, ukifika nyumbani iwashe upya."

Nikafika, nikaiwasha upya. Kioo changu ni cha 1366 kwa 768. Kikawaka 1024 kwa 768, kila kitu kimevutwa pembeni kama chapati iliyokandamizwa. Vitufe vya kupunguza mwanga havifanyi kazi. Mdogo wangu akabofya PES, ikatoa kiboksi cha lugha ngumu, ikajifunga. Akarudia. Ikajifunga. Akaniangalia jinsi mke anavyomwangalia mume aliyepoteza hela ya ada.

Jumatatu mama mmoja kaja kupiga paspoti. Nimempiga, nikamwonyesha kwenye kioo achague. Kanyamaza, kasogea, kisha: "Mwanangu, mbona umeninenepesha?" Nikajaribu kumweleza kuwa ni draiva. Akasema dereva anahusikaje na sura yake. Akaenda duka la jirani.

Nikafungua Device Manager, ile orodha ya vifaa ndani ya Windows. Mahali palipokuwa na Intel HD 4000 pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter, maana yake draiva ya Intel imeng'olewa na Windows inajikongoja na ile ya dharura. Chini yake GT 630M ina pembetatu ya njano, kosa namba 43. Nikarudi Mwanjelwa na laptopu kwapani. Mnajua alichoniambia? "Bosi, mashine yako ni ya zamani."

Asubuhi ya Jumamosi za zamani zilikuwa draiva. Hela ilipoingia mfukoni, ya zamani ikawa mashine! Nikamwambia basi nirudishie zile za mwanzo, kasema hakuziweka popote. Nikaomba hela yangu, kasema ufundi hauna marejesho. Halafu eti kwa elfu 30 anaweza kupiga Windows upya. Yaani avunje mlango wangu, kisha aniuzie mlango.

Nikanunua bando, nikasoma usiku tatu. Na niliyoyakuta ndiyo yamenipandisha hasira zaidi, kwa sababu mtu anayekula kwa kazi hii alipaswa kuyajua kabla ya kugusa hela ya mtu.

Kwanza, hakukuwa na draiva mpya ya kuweka. GT 630M ni ya familia ya Fermi, na NVIDIA, watengenezaji wake, waliiacha familia hiyo Aprili 2018. Baada ya hapo ni viraka vya usalama tu, navyo viliishia Januari 2019. Draiva ya mwisho ya kawaida kwa kadi hii ni 391.35 ya Machi 2018. Na hiyo ndiyo niliyokuwa nayo tangu mwanzo! Siwalaumu wao, kadi ni ya enzi hizo na walitangaza hadharani. Lakini ile "mpya" aliyoahidi fundi haipo duniani. Alichoniuzia ni hewa.

Pili, na hapa ndipo alipoua. Kwenye laptopu hizi za grafiki mbili, NVIDIA haijaungwa moja kwa moja na kioo. Anachora picha, anamkabidhi Intel, Intel ndiye anayeipeleka kwenye kioo. Huo mfumo wanauita Optimus. Ukimng'oa Intel, NVIDIA anachora gizani. Furushi lilimtoa Intel wangu likashindwa kumrudisha, basi wote wawili wakalala. Fundi alikuwa anakunywa chai.

Nilivyotengeneza, kwa wenye msiba kama wangu: nilishusha faili mbili kabla ya kugusa chochote, ya Intel kwa ajili ya HD 4000 na hiyo 391.35 ya laptopu kutoka kwa NVIDIA wenyewe, siyo kwenye vitovuti vya vitufe vya kijani. Nikakata intaneti kabisa, kwa sababu Windows ikiwa hewani inakuwekea draiva yake mgongoni ukiwa katikati ya kazi. Nikaingia Safe Mode, yaani Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu, nikafagia mabaki yote kwa programu ya bure inayoitwa Display Driver Uninstaller. Intel kwanza, washa upya. NVIDIA baadaye, washa upya. Umeme ulikatika mara moja katikati, nikaona maisha yamekwisha, betri ya mtumba ikashikilia dakika zake tisa na kuniokoa.

Pembetatu ikaondoka. Kioo kikarudi, nyuso zikapungua unene.

Sasa swali mtakaloniuliza: gemu je, limeongezeka? Halijaongezeka. Limerudi palepale lilipokuwa Ijumaa, fremu 30 na ushee kwa sekunde. Fremu pekee iliyonufaika ni ile ya Mwanjelwa yenye vioo.

Kilichosaidia ni kingine kabisa. Nilifungua mgongo nikakuta feni imejaa vumbi zito kama sufi ya mto, na ile dawa ya kupozea prosesa imekauka imekuwa chokaa. Nikasafisha, nikapaka mpya. Joto lilikuwa linapanda hadi nyuzi 94 kwenye mechi, sasa linakaa 70 na kitu, na ile kukwama ya dakika ya 60 imekwisha, maana prosesa ikichemka inajipunguza kasi yenyewe. Kisha kwenye mipangilio ya NVIDIA nikaliambia PES litumie GT 630M na siyo Intel. Kumbe muda wote lilikuwa linabahatisha. RAM ya pili ya GB 4 bado naitafutia hela, ile elfu 15 ingekuwa mwanzo mzuri.

Na yule atakayekuja na "piga Windows 11 mkuu", asihangaike. Najua Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma 14 Oktoba 2025. Lakini prosesa ya kizazi cha tatu haimo kwenye orodha ya Microsoft ya Windows 11, na grafiki zenyewe ndizo hizo nilizowasimulia. Nikitaka mateso mengine nitajua pa kwenda.

Mafundi mliomo humu, msinijie juu. Wapo wazuri, ninawajua. Lakini ni kazi gani kubwa kuangalia jina la kadi kabla ya kutaja bei? Kuandika namba ya draiva iliyopo kwenye kipande cha karatasi? Kutengeneza sehemu ya kurejea ndani ya Windows, jambo la dakika mbili? Na kama hakuna cha kuapdeti, mwambie mteja hakuna, mchaji hata buku tatu ya kumfungua macho, atakushukuru na atarudi. Mimi ningerudi.

Jina lake sitalitaja, msinisumbue inbox.

Nilikuwa nimemaliza kuandika hapa jana usiku. Leo saa nne asubuhi simu ikaita, ni yeye. Nikajua kaja kuomba radhi. Ana mteja mwingine mwenye laptopu kama yangu, kioo kimevutika, na kasikia kwa watu kuwa yangu imepona, kwa hiyo ananiomba nimtumie zile faili mbili.

Nimemwambia elfu 15. Kwa kuwa ni asubuhi.