Mkoa wa Yatenga, Burkina Faso: wakulima wanaishije kwa mvua ya miezi michache?

Mpenda Ramani
Ndugu zangu, naomba ufafanuzi kuhusu mkoa wa Yatenga, kaskazini mwa Burkina Faso, wenye makao makuu Ouahigouya. Mvua hunyesha takriban kuanzia Juni hadi Septemba, na sehemu kubwa ya ardhi imefunikwa na gamba gumu lisilopitisha maji. Hata hivyo wakazi wake, wengi wao Wamossi, hutegemea mtama na uwele. Wanawezaje?

Bwana Shamba Mstaafu
Usitazame kiasi cha mvua peke yake, tazama maji yanaelekea wapi yakishanyesha. Juu ya gamba hilo mvua kubwa hutiririka na kuondoka na udongo wa juu. Ndiyo maana, baada ya ukame wa miaka ya 1970 na 1980, wakulima waliifufua na kuiboresha mbinu ya zamani iitwayo zaï. Wakati wa kiangazi mkulima huchimba vishimo vyenye upana wa sentimita 20 hadi 40 na kina cha sentimita 10 hadi 20, akatia samadi ndani, kisha akangoja. Samadi huwavuta mchwa, nao hutoboa vijia ardhini, hivyo mvua za kwanza zinapofika maji huzama, na mbegu hupandwa mumo humo. Marehemu Yacouba Sawadogo, mkulima wa huko, aliotesha msitu mzima kwa njia hiyo na mwaka 2018 akapewa tuzo ya Right Livelihood.

Msafiri wa Sahel
Naafiki, ila zaï husifiwa mno kana kwamba haina gharama. Kuchimba hekta moja kwa jembe katika ardhi iliyokauka namna ile ni kazi ya mamia ya saa, nayo huangukia miezi ileile ambayo vijana wengi wamekwenda Côte d'Ivoire kutafuta vibarua au wako kwenye machimbo ya dhahabu. Samadi nayo inataka mifugo, na asiyekuwa nayo hulazimika kuelewana na wafugaji wa Kifulani ili ng'ombe wao walale shambani baada ya mavuno. Tena usisahau mistari ya mawe inayokinga maji yasikimbie. Wanakijiji walijifunza kuipanga kwa kupima usawa wa ardhi kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, kifaa rahisi ambacho hata asiyejua kusoma hukitumia barabara.

Mpenda Ramani
Nashukuru. Je, hali bado ni hiyo hadi sasa?

Bwana Shamba Mstaafu
Si kila mahali. Katika miaka ya karibuni mashambulizi ya makundi yenye silaha yamewahamisha watu wengi vijijini, na Ouahigouya imepokea wakimbizi wa ndani wengi mno. Vishimo visipohudumiwa hujaa mchanga, kwa hiyo takwimu za mavuno za miaka ya 1990 usizitumie kuelezea Yatenga ya leo.