E. coli wa nyuzi 15: mbona asidi zisizoshiba haziongezeki?

mpimajoto
Wakuu, nalinganisha asidi za mafuta za utando wa E. coli wa nyuzi 37 na wa nyuzi 15. Wanalala kwenye LB (mchuzi wa kukuzia bakteria) kwa nyuzi 37 hadi asubuhi, nagawa mara mbili: nusu inabaki, nusu inahamia inkubeta ya nyuzi 15 kwa saa 6. Kisha nasokota kwenye sentrifuji, nachemsha kwa sodiamu haidroksaidi, naweka methili, napima kwa kromatografia ya gesi. Matokeo ya pande zote mbili karibu yanafanana: 16:1 na 18:1 (kaboni 16 au 18 zenye bondi maradufu moja, yaani zisizoshiba; 16:0 haina bondi hiyo) ni kidogo, halafu kuna vilele viwili vikubwa karibu na kaboni 17 na 19. Si inasemekana baridi huongeza asidi zisizoshiba? Au nitumie bakteria mwingine, Bacillus subtilis?

seli_hai
Mashine yako haina shida. Hivyo vilele viwili ndizo asidi zisizoshiba unazozitafuta, zimegeuzwa tu. E. coli akifika awamu ya kutuama (seli zimeacha kuongezeka), kimeng'enya Cfa huongeza kaboni moja kwenye bondi maradufu na kuifanya pete ya siklopropani: 16:1 inakuwa 17:0 ya pete, 18:1 inakuwa 19:0 ya pete. Waliolala hadi asubuhi wote wako hapo. Hata ukijumlisha 16:1 na ya 17, halafu 18:1 na ya 19, utakuwa unapima tabia ya seli zilizotuama, si ya baridi.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi. E. coli hana namna ya kuingiza bondi maradufu kwenye fosfolipidi (mafuta yanayojenga utando) iliyokwisha kujengwa. Bondi huwekwa mnyororo ukiwa bado na kaboni 10, kwa kazi ya kimeng'enya FabA, kisha mnyororo unarefushwa. Kwa hiyo utando wa zamani haubadiliki, unazimuliwa na mpya kadiri seli zinavyogawanyika. Seli zilizotuama, zikahamishiwa nyuzi 15 kwa saa 6 bila chakula kipya, zitazimua nini?

Anza na seli za nyuzi 37 zinazokua kwa kasi, zimimine kwenye LB iliyokwisha kupoa hadi nyuzi 15, OD600 (kipimo cha ukungu wa mchuzi, yaani wingi wa seli) ikiwa 0.01. Vuna kwenye 0.4. Hapo zimeongezeka mara 40, yaani zaidi kidogo ya vizazi 5, na mafuta ya zamani yamebaki kama 2.5% tu. Kwa nyuzi 15 kizazi kimoja huchukua saa kadhaa, kwa hiyo fuata OD, usifuate saa ya ukutani. Za nyuzi 37 nazo zivune kwenye 0.4 ileile.

mpimajoto
Shukrani. Sasa niangalie kilele kipi hasa?

seli_hai
18:1 dhidi ya 16:0. Kinachohisi baridi kwa E. coli ni FabF, kimeng'enya kinachorefusha 16:1 kuwa 18:1 (asidi ya vaksiniki, bondi iko kaboni ya 11). Kipo muda wote, ila kwenye joto la 37 kazi yake hii huwa hafifu. Joto likishuka kinafanya vizuri zaidi kikilinganishwa na wenzake. Hakuna jeni inayosubiriwa iwashwe, ndiyo maana mafuta mapya hubadilika mara tu joto linaposhuka. Hiyo 18:1 kisha inanyang'anya 16:0 nafasi ya kwanza kwenye gliseroli, na unapata fosfolipidi zenye mikia miwili iliyopinda. Mikia hiyo haipangiki kwa kubanana, hivyo utando hauwi mgumu.

kemia_ya_mafuta
Naongeza la maabara. Ukiweka methili kwa asidi ya HCl, shika nyuzi 80 kwa dakika 10, kisha poza haraka kwenye barafu. Ukizidisha muda au joto, pete za siklopropani zinavunjika na hesabu yako yote inayumba. Pia angalia chakula cha kukuzia: kikiwa na Tween 80 (aina ya sabuni) ndani yake, kuna asidi ya oleiki, na bakteria wengi huichukua kutoka nje. Utaona 18:1 nyingi isiyohusiana na baridi.

mhifadhi_wa_spishi
Kuhusu Bacillus: anafaa, ila ni swali jingine kabisa. Yeye ana Des, desaturesi (kimeng'enya) inayochonga bondi maradufu kwenye kaboni ya 5 ya asidi iliyokwisha kukaa kwenye fosfolipidi. Hahitaji kungoja vizazi. Anayetoa taarifa ni DesK, protini ya utandoni inayohisi utando ukiongezeka unene kwa baridi. Inampa DesR fosfati, naye anawasha jeni ya des. Utando ukilegea, DesK huigeuza kazi na kumwondolea DesR ile fosfati, hivyo des huzimika. Toka 37 hadi 25 inatosha kuona hili, ila pima mara kadhaa baada ya kuhamisha, maana uwashaji wenyewe ni wa kupita.

Mambo mawili huharibu jaribio hili. Des inahitaji oksijeni, kwa hiyo chupa iliyojaa hadi shingoni au isiyotikiswa haitakupa kitu. La pili ni isolusini, asidi ya amino. Ikiwepo, Bacillus hutengeneza minyororo yenye tawi la anteiso (tawi dogo la kaboni moja karibu na mwisho wa mnyororo), na tawi hilo hulegeza utando vizuri kiasi kwamba des haiwashwi sana. Kwa hiyo LB acha, tumia chakula cha chumvi na glukosi kisicho na isolusini.

Bakteria mwingine, Listeria monocytogenes, hutegemea njia hii ya tawi karibu peke yake: kwenye ubaridi wa friji, anteiso-15:0 hupita nusu ya asidi zake zote. Mutanti wasioweza kutengeneza kianzio cha tawi hilo hudumaa kwenye baridi, na ukiwapa asidi ya 2-methilibutiriki wanakua tena.